Nyumba Iliyokaa Miguuni

Suruali zangu zote za shule zilipindwa na mwanamke mmoja. Nilikuwa narefuka ovyo, na kila muhula mama yangu alinipeleka kwake nikasimamishwa juu ya kigoda, naye akapiga magoti na pini mdomoni, akafumua pindo la zamani na kulishusha kidogo. Hata mafundi wengine wa mtaa walimletea nguo zao awamalizie kazi hiyo, maana pindo lake ulikuwa unalitafuta kwa macho usilione. Basi jina likawa hilo: Mama Pindo.

Mama yangu ndiye aliyekuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Yeye naye alikuwa na jina lake, aliitwa Redio, na sina haja ya kueleza kwa nini. Mengi ninayoyasimulia hapa niliyaona mwenyewe. Mengine alinieleza binti wa Mama Pindo, ambaye ni muuguzi, tukiwa tumekaa kwenye benchi la hospitali anakofanya kazi.

Mama Pindo alizaliwa katika chumba kimoja kando ya lango la shule. Baba yake alikuwa mlinzi, na chumba kilikuja na kazi, kama tochi na koti la mvua. Alipokuwa na miaka tisa baba alifariki, na kabla mwezi haujaisha mlinzi mpya akafika na kitanda chake kichwani. Mama yake alifunga vyombo ndani ya shuka mbili, akamwambia, "Usilie. Nyumba ya kazi ni kama kiti cha kinyozi. Ukishanyolewa, unampisha mwenzako."

Hakulia. Lakini aliendelea kusoma shule ile ile, na kwa miaka mitatu alipita mbele ya mlango ule kila asubuhi akiwa amebana pumzi, asije akasikia harufu ya watu wengine ikitoka chumbani kwao.

Baadaye aliajiriwa kwenye kiwanda cha kushona sare. Walimpa cherehani namba kumi na tisa, safu ya mwisho, chini ya dirisha lenye kioo kilichopasuka pembeni. Msimamizi alipotaka kumpandisha safu ya mbele, kwenye mashine mpya za umeme, alikataa. Wenzake wakacheka wakasema huyu ameolewa na dirisha. Kumbe alikuwa anakaribia kuolewa na mtu kweli: fundi wa mashine wa kiwanda, mwanaume mpole, ambaye alikuja kuitengeneza namba kumi na tisa hata siku ambazo haikuwa na ubovu wowote. Siku waliyofika kazini wakakuta mnyororo langoni, kiwanda kimefungwa, wengi walipiga kelele, wengine walikaa chini vumbini. Yeye alizunguka nyuma ya jengo, akachungulia kwenye dirisha lake kutoka nje. Hakuwa amewahi kuliona kutoka upande huo. Mumewe alikwenda kwenye mnada wa vitu vya kiwanda akarudi na namba kumi na tisa juu ya mkokoteni, akitokwa jasho na kucheka peke yake.

Nyumba waliijenga wenyewe. Fundi wa mashine si mwashi, na mtu yeyote aliyepanda vile vidaraja vitatu vya ngazi ya mbele aliligundua hilo, kwa sababu hakuna viwili vilivyolingana. "Nimefanya makusudi," mume alikuwa akisema. "Mlevi hapandi, na aliyepanda si mlevi." Kuta zilipofika magotini, Mama Pindo aliingia ndani, akageuza ndoo akaikalia, akainua sindano juu akaitazama tundu lake. Akasogea, akaitazama tena. Akasogea tena. Mwisho akasema, "Dirisha likae hapa." Likakaa hapo. Namba kumi na tisa ikawekwa chini yake, na kwa miaka thelathini na mitatu haikusogezwa hata kiasi cha kidole.

Binti yao alijifunza kutembea kwa kushika kingo za ile meza. Na siku moja mchana, baba wa nyumba aliketi kwenye kiti cha karibu na mlango ili avae viatu, akavaa kimoja, akafia pale pale. Baada ya mazishi ndugu walimshauri mjane ahame, nyumba kubwa hii utakaa na nani. Aliwajibu, "Humu ndani bado namsikia akikohoa. Nikihama, atakohoa kwa nani?" Wakaondoka.

Macho yalianza kumwacha akiwa na miaka hamsini na minane. Daktari alisema ni presha ya macho, ugonjwa unaoanza kula pembeni kama panya kwenye mkate, na ukishtuka mkate umebaki kipande cha katikati. Dawa za matone zilikuwa za kuokoa hicho kilichobaki tu, nacho hakikuokoka. Hakumwambia mtu. Si mama yangu, si binti yake aliyekuwa mji mwingine, safari ya nusu siku. Kadiri kiza kilivyosogea aligundua kwamba hakuwa na haja ya kujifunza nyumba, kwa kuwa nyumba ilikuwa imekwisha kukaa miguuni mwake siku nyingi. Hatua saba kutoka kitandani hadi mlangoni, unashika kushoto, hatua tano hadi namba kumi na tisa. Maji mkono wa kushoto wa jiko, kibiriti juu ya dirisha la jikoni, chumvi nyuma yake. Mwenyewe alikuja kumwambia mama yangu kwamba ndani ya nyumba ile hakuwahi kujiona kipofu. Akitoka nje ya kidaraja cha tatu ndipo upofu ulikuwa unamsubiri.

Akaendelea kushona. Uzi aliutia tunduni kwa ulimi na kidole gumba. Rangi alizipanga kwenye rafu, nyeusi upande wa ukutani, nyeupe upande wa dirishani, na nyingine katikati kwa mpangilio aliokuwa nao kichwani. Sisi tulimwona akifanya kazi uso ameuelekeza mtaani, tukadhani ni mazoea ya fundi mzoefu. Watu walisifu: huyu mama anashona bila kutazama!

Aliyeharibu ni mama yangu. Alikwenda siku moja kuazima uzi mweusi, akautumia, akaurudisha upande wa dirishani. Wiki ile ile mfamasia wa duka la dawa alileta koti lake jeupe la kazini. Alipolichukua lilikuwa na pindo jeusi tii, limenyooka kama mstari wa rula, limezunguka koti zima.

"Mama," mfamasia aliuliza kwa adabu, "huu ndio mtindo mpya?"

Mama Pindo alipapasa pindo lile polepole, huku na huku, kama mtu anayesoma. Kidole hakina rangi. Mama yangu alikuwepo kibarazani, na kwa mara ya kwanza akamtazama vizuri jirani yake. Mfamasia alipoondoka, mama yangu alimpungia mkono mbele ya uso.

"Dada, unaniona?"

"Nakusikia. Kwako wewe hiyo inatosha."

Mama yangu, ambaye habari haikuwahi kulala kwake, aliishikilia hiyo siku mbili nzima. Alishindwa kula. Siku ya tatu alimpigia simu binti.

Binti alifika kesho yake, na sare ya uuguzi bado mwilini. Hakugombana. Alikaa jikoni akamtazama mama yake akiwasha jiko, akiinjika sufuria, akikata kitunguu. Hakukosea hata mara moja. Mimi nilikuwa mlangoni nimetumwa sahani, nikayasikia maneno yao.

"Mama, unapika kwa moto usiouona."

"Nauona kwa ngozi."

"Na siku ngozi ikikosea?"

"Mwanangu, mimi humu ndani sikosei. Nitoe humu ndipo nitakosea."

Binti alisogea karibu na jiko. Halafu akasema, "Unajua mimi kila siku nafunga vidonda vya moto? Akiletwa mama mzee, kabla sijatazama jeraha namtazama uso. Nione kama ni wewe. Mwaka sasa nafanya hivyo, tangu uliponiambia kwenye simu kwamba taa zenu siku hizi ni hafifu. Taa za kwenu hazina kasoro, mama. Nilijua. Niliogopa kuuliza tu."

Mama Pindo alizima jiko. Jioni ile walifunga nguo. Namba kumi na tisa ilibaki chini ya dirisha lake, kwa kuwa ngazi za huko waendako zilikuwa nyingi. Funguo aliachiwa mama yangu.

Binti alikuwa akiishi ghorofa ya tatu: vyumba viwili, sebule nyembamba na ukumbi mrefu uliopita katikati. Alikuwa ameachana na mumewe zamani, hakuwa na mtoto, na aliandaa kila kitu alichoweza. Alitoa zulia lisije likamkwaza mama. Alifunika kona za meza kwa sponji. Aliomba apangiwe zamu za mchana tu, na alipokuwa kazini mama mmoja wa mlango wa pili alikuwa akija kuchungulia kila baada ya muda. Wala sijui mtu mwingine angefanya nini zaidi.

Lakini miguu ilikuwa imekuja na nyumba yake. Mama Pindo aliamka, akatembea hatua saba, na kwenye ya tano alikutana na kabati. Alishika kushoto, na kushoto kulikuwa na ukuta. Paji la uso lilijaa alama. Mwezi wa tatu, mama wa mlango wa pili akiwa amerudi kwake kidogo, alitaka maji ya kunywa. Mkono ukaenda wenyewe kushoto kwa jiko, ulikokwenda kwa miaka thelathini na mitatu. Huko kulikuwa na birika lililotoka motoni muda si mrefu.

Binti alimfunga bandeji mwenyewe, mkono wote hadi kiwiko. Alifunga vizuri, kama alivyozoea, akafunga na fundo la mwisho, kisha akaweka kichwa chake mapajani mwa mama yake akalia kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Mama Pindo alimpapasa nywele kwa mkono mzima.

"Basi," alisema. "Kosa si lako. Ni ile nyumba ya kule inayonifuata. Nitaifukuza."

Na aliifukuza kweli. Binti anasema hajawahi kuona mtu akifanya kazi ngumu kama ile. Kila mara nyumba ya zamani ilipompanda miguuni, alisimama, akajifinya mkono, akasema kwa sauti, "Kulia. Kulia." Alipoanza kusikia kikohozi cha marehemu, alifungulia maji ya bomba. Mama yangu alipopiga simu kumpa habari za mtaa, alimkatiza: "Jirani, nisimulie mengine. Hayo ya kule sitaki." Mama yangu alikasirika mwezi mzima. Hakuelewa, na nani angeelewa?

Ilichukua karibu mwaka, na siku moja ikaondoka. Aliamka asubuhi akatafuta ndani yake hatua saba, hakuzikuta. Alimwambia binti yake kama mtu anayetoa habari njema, naye binti akamkumbatia. Wote wawili walingoja sasa ghorofa ya tatu iingie pale palipoachwa wazi.

Haikuingia. Sijui kwa nini. Pengine mwili wa mtu una nafasi za kuhesabika, na zake alikuwa amezitumia zote, moja langoni pa shule, moja chini ya dirisha la kiwanda, na ile kubwa kuliko zote. Alijua kwa akili kwamba choo kiko kulia na kitanda kiko nyuma yake, lakini ilibidi avikumbuke kila siku upya, kama namba ya simu ya mtu usiyempenda. Akaacha kutembea. Akapungua. Alikuwa akiulizwa jambo, anajibu baada ya muda mrefu, kwa upole, kama mtu aliyeko chumba kingine.

Daktari mmoja rafiki wa binti alishauri: mrudishe kwake kidogo, akae, tuone. Na binti alikuwa ameficha jambo. Nyumba hakuiuza wala hakuipangisha, ingawa watu walimfuata mara nyingi. Alichukua likizo ya mwezi. Kwenye simu na mama yangu alisema, "Nimekosea, shangazi. Namrudisha. Akiwa mzima huko, mimi nitaomba uhamisho nije nikae naye."

Mama yangu alifanya kazi siku tatu. Alifagia, alipiga deki, alianika magodoro. Kila kitu alikirudisha mahali pake, chumvi nyuma ya kibiriti, uzi mweusi ukutani, na hapo aliapa na kuangalia mara mbili. Mimi nilikuwa nimekuja kumsalimu, nikamsaidia kufungua madirisha. Nyumba ilikuwa vile vile kabisa. Nasema hivi kwa kuwa niliikagua.

Walifika saa nane mchana. Mama Pindo alikuwa mdogo, amevaa gauni lililokuwa lake lakini likaonekana la kuazima. Binti alimshika mkono kwenye vidaraja, mpaka kizingitini. Pale akasema, "Niacheni niingie mwenyewe." Uso wake ulikuwa umewaka. Tangu awe mkononi mwa binti yake hakuwahi kusema "niacheni".

Tulibaki kibarazani, sisi watatu, tukimtazama kupitia mlango.

Alikwenda hatua nne akasimama. Akashika kulia. Kulia palikuwa na kabati la vyombo, akaligonga kwa bega, sahani zikalia. Akageuka, akanyoosha mikono yote miwili mbele, jambo ambalo mama yangu hakuwahi kumwona akilifanya katika nyumba ile, akatembea hadi alipogusa ukuta. Akaufuata ukuta kwa viganja hadi kwenye kona. Akabaki pale amegusa kona, ametugeuzia mgongo.

"Mlango wa chumbani mmeuhamishia wapi?" aliuliza.

Binti alimtazama mama yangu.

"Jirani. Nakuuliza. Mmesogeza ukuta?"

"Hakuna kilichosogezwa, dada," mama yangu alisema. "Wallahi hakuna."

Binti aliingia akampeleka hadi kwenye namba kumi na tisa, akamkalisha. Mwanga ulikuwa unamwangukia mikononi. Mama yangu alimwekea kitambaa chini ya sindano. Mguu ulikanyaga, mashine ikazunguka, kwa sababu mama yangu alikuwa ameitia mafuta, ikashona kidogo kisha akasimama. Mama yangu alikitoa kitambaa haraka.

"Mshono umenyooka kabisa," alisema.

"Usinidanganye, jirani. Nimepitisha kidole."

Walikaa siku tisa. Binti alimfundisha. Asubuhi na alasiri nilimsikia kutoka upande wetu wa ukuta: hapa ni mlango, mama, hapa ni dirisha, sasa rudi mwenyewe, tena. Yule aliyejifunza kutembea kwenye sakafu ile alikuwa sasa anamtembeza mwenye sakafu. Mama Pindo alitii kila alichoambiwa. Aliniambia mimi, nilipompelekea chai, "Najaribu kwa ajili yake. Mimi nimeshajua tangu ile kona."

Asubuhi ya kumi alisema, "Turudi."

"Turudi wapi, mama?"

"Kokote. Kwangu sasa ni sawa tu." Halafu, kwa kuwa binti alianza kulia, akaongeza, "Nyumba iko pale pale, mwanangu, mmeitunza vizuri. Asiyekuwepo ni mimi. Iuze, ipate watu."

Iliuzwa kabla mwaka haujaisha kwa mume na mke wenye watoto wengi. Ni watu wema. Walivunja vidaraja wakajenga vipya vilivyolingana, na sioni vibaya.

Mama yangu mpaka leo anarudia habari ya uzi. Kama asingeazima ule uzi, anasema. Nimemwambia mara mia kwamba ingetokea tu kwa njia nyingine, au moto ungetokea. Binti naye ana yake: kama angemwacha, kama asingemhimiza, kama angeomba uhamisho mapema. Pale kwenye benchi la hospitali aliniuliza, "Wewe umesoma. Niambie nilikosea wapi." Nilitafuta, na sikupata. Kila mmoja alifanya jambo ambalo mtu anayependa hufanya.

Mama Pindo aliishi miaka minne zaidi kwenye ghorofa ya tatu. Hakuungua tena, hakuanguka tena, na kwa hesabu za hospitali alikuwa salama. Binti aliniambia kwamba alikuwa akirudi kutoka kazini alasiri, mara nyingine anamkuta mama yake amesimama katikati ya ule ukumbi mrefu, kiganja kimoja ukutani, ametulia.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Nilikuwa nakwenda," alikuwa akijibu, bila huzuni hata kidogo. "Sasa sijui tena."

Binti alimshika mkono, akampeleka hadi kitini, akaenda kubandika chai.